Kipimajoto Kilichohesabiwa Hakipo

Kazi ya mtu huyu ilikuwa kuamua nani aamke kwanza. Hakuwaamsha watu; watu, kwa rehema ya aliyewaumba, huamka kila mmoja kwa saa yake, na aliye mvivu huamshwa na njaa. Yeye aliamsha vifaa. Katika karakana moja iliyotengeneza mashine za kulinda majokofu ya chanjo, wenziwe walilehemu nyaya, wakakaza skrubu, wakapiga rangi. Yeye aliketi kwenye kona yenye feni iliyotikisa kichwa kama baba anayekataa posa, akashughulika na jambo lisiloshikika kwa mkono. Ndani ya kila mashine mna programu moja iliyo chini ya programu zote, ambayo mafundi huiita kiini. Mashine ikipewa umeme, kiini ndicho hufumbua jicho mwanzo, kisha huviita vifaa vya mashine hiyo kimoja baada ya kimoja: saa, hifadhi, kioo cha namba, kengele, kifaa cha mtandao, kipimajoto. Kila kinachoitika hupewa msaidizi wa kukiendesha, na hapo huhesabiwa kuwa kipo kazini.

Kwa kuwa wito huo huenda kwa zamu, karakana nzima ilimwita Bwana Foleni, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

“Bwana Foleni, leo nani kamtangulia nani?” walimwuliza mlangoni karibu kila asubuhi.

“Wote wamekutangulia wewe,” alijibu, “hata feni.”

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mabega yameinama kwa kukaa sana, na umri umeanza kumnyunyizia mvi karibu na masikio. Aliipenda kazi yake kwa mapenzi ambayo mkewe aliyaona yanakaribia ugonjwa. Kazini alipanga mambo yasigongane. Nyumbani aliweza kuweka birika jikoni bila kulitia maji, kisha akasimama kulisubiri lichemke.

“Mwenzangu,” mkewe alimwambia siku moja, “unasubiri nini hapo?”

“Maji yachemke.”

“Yapi?”

Na hapo ndipo ilipo elimu yenyewe. Wanazuoni wa zamani walifundisha kwamba sharti hutangulia kinachoshurutishwa, kama udhu unavyoitangulia sala. Ukigeuza mpango, umechoka bure. Kioo hakiwezi kuamka kabla umeme wake haujafunguliwa, wala kengele haiwezi kulia kabla saa haijatembea. Lakini kiini hakiyajui hayo kwa akili yake, maana hakina akili. Kinajua kile tu kilichoandikwa katika maelezo ya mashine, ambamo kila kifaa hutajiwa kinachokitegemeza. Kifaa kikiitwa, kikasema, “Namsubiri fulani, hajafika,” kiini hakikifokei. Hukirudisha nyuma ya foleni, kikakiita tena baadaye, na tena, mpaka anayesubiriwa awasili. Bwana Foleni aliiona adabu hiyo kuwa bora kuliko ya ofisi nyingi alizowahi kupangia foleni yeye mwenyewe.

Siku ambayo utulivu wake ulivunjika, simu ililia karibu na chakula cha mchana. Aliyepiga alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwanamke aliyemlea, akamsomesha, akamchapa alipostahili na mara moja asipostahili. Huyu alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati ya mji wa jirani, na miaka yake ya kazi ilikuwa imefika ukingoni. Aliyasubiri mapumziko yake kama msafiri aonaye paa la nyumbani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Hamjambo? Mkwe wangu hajambo?”

“Hatujambo sote.”

“Basi mimi ndiye mwenye jambo. Wamenipokonya chumba cha chanjo.”

“Nani?”

“Msimamizi. Chanjo zimeganda zote, zimetupwa. Kina mama wamekuja na watoto migongoni, wamerudishwa. Naambiwa mimi nilizima ile mashine mliyotuletea. Mafundi wenyewe wamemthibitishia!”

“Mafundi gani?”

“Mimi nitajuaje? Huko huko kwenu. Sasa wewe uko humo ndani, baba, huwezi kuwauliza wenzako? Mimi nilisafisha jokofu Ijumaa kama ninavyosafisha tangu wewe huna meno. Nilizima, nikafuta, nikawasha, nikatazama kioo, nyuzi tano, nikafunga mlango. Kosa liko wapi? Wiki ijayo kikao kinakaa juu yangu. Kikao! Mimi!”

Hapo Bwana Foleni akakumbuka simu nyingine. Fundi aliyemthibitishia msimamizi alikuwa yeye.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, kama yalivyo mambo mengi yanayotuangamiza. Siku chache kabla, mtu asiyemjua alikuwa ametaja namba ya mashine kwenye simu akauliza kama ilifanya kazi mwisho wa wiki. Bwana Foleni alizifungua kumbukumbu zilizotumwa na mashine ile. Vipimo vya joto vilifuatana vizuri hadi Ijumaa mchana, kisha pakawa na pengo refu, kisha vikaendelea. “Ilizimwa, bwana,” alisema huku akitafuta kalamu iliyoanguka chini ya meza. “Mashine inayowaka haikosi kuandika.” Hakuuliza ni zahanati gani. Namba ile kwake ilikuwa namba, naye alirudi kwenye kalamu yake.

Sasa alimwambia shangazi, “Nitalitazama,” akakata simu bila kumwambia lililobaki. Alijisemea kuwa atamwambia akiisha kujua. Ila hakujua kitu, na kadiri alivyotazama, ndivyo alivyozidi kutojua.

Aliagiza mashine ile ifunguliwe kwenye jokofu la zahanati iletwe karakana. Akaiweka mezani, akaiwasha. Iliamka vizuri. Akaizima, akaiwasha tena. Kila kifaa kiliitika labeka. Akafanya hivyo asubuhi nzima mpaka kidole kikamwuma, na mashine haikukosa hata mara moja.

Fundi wa saketi aliyekaa meza ya pili alikuwa mwanamke aliyeitwa Dada Risasi, kwa sababu ya ile risasi ya kulehemia na kwa sababu ya ulimi wake. Aliinua miwani.

“Vipi, foleni inasonga?”

“Inasonga mno. Hiyo ndiyo shida.”

“Mashine nzima, halafu unaita shida. Basi shangazi yako kazima.”

“Hajazima.”

“Umejuaje?”

“Kasema.”

“Na mashine nayo imesema. Chagua mwongo kati yao, ila kumbuka mmoja ndiye anayekupikia sikukuu zote.”

Bwana Foleni alicheka kwa adabu, lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Alianza kumshuku shangazi, akajichukia kwa kumshuku. Akaanza kuishuku mashine, akakosa ushahidi. Tena palikuwa na neno jingine la kutatiza. Shangazi alisema aliona nyuzi tano kwenye kioo. Ikiwa mashine ilizimwa, kioo kingekuwa cheusi. Ikiwa iliwaka na kusoma nyuzi tano, chanjo zisingeganda. Maelezo yote mawili yalikataliwa na sehemu moja ya habari na kuungwa mkono na nyingine, kama mashahidi wawili wanaoapa kwa Mungu mmoja na kusema mambo mawili.

Alasiri moja akaiwasha mashine pasipo tumaini, huku amekishika kipimajoto kiganjani. Kipimajoto hicho ni kijiti cha chuma kilicho mwisho wa waya, nacho kikishikwa mkononi namba kwenye kioo haina budi kupanda. Haikupanda. Kioo kilionyesha nyuzi ishirini na nne, akakumbuka kuwa ndiyo namba aliyoiacha jana yake alipofunga kazi. Akakipulizia pumzi. Ishirini na nne. Akakitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai ya moto. Ishirini na nne.

“Imefanya!” alipiga kelele. “Jamani, imefanya!”

“Imefanya nini?” Dada Risasi aliuliza, mkono mmoja umeshika pasi ya kulehemia inayotoa moshi.

“Imekosa!”

“Mtu anafurahi mashine kufa. Tutakuombea.”

Upesi akakiamuru kiini kisimulie kila kinachofanya wakati wa kuamka, maana kiini huweza kuamriwa kunyamaza au kusema. Akaizima mashine, akaiwasha. Maneno yalimiminika kwenye kompyuta yake, mstari juu ya mstari, na katikati yake: kipimajoto kimeitika, kipo. Namba ikapanda kiganjani mwake. Akakinyamazisha kiini, akawasha tena, kipimajoto kikafa. Akakisemesha, kikafufuka. Akakinyamazisha, kikafa.

“Inaniogopa,” alisema kwa sauti ya mtu aliyeona jini. “Nikiitazama inajitia adabu. Nikigeuka, inafanya mambo yake.”

“Kama mume wangu wa kwanza,” alisema Dada Risasi. “Sasa mimi nimemaliza hapa, narudisha vitu vya watu.”

Bwana Foleni alikwenda kumwita mkubwa wa karakana aje ashuhudie. Mkubwa alikuja, akasimama mikono nyuma. Bwana Foleni akakinyamazisha kiini, akawasha, akashika kijiti. Namba ikapanda bila haya. Akarudia. Ikapanda. Mara zote, kimesema au kimenyamaza, mashine iliamka nzima kama mtoto mbele ya wageni.

“Kijana,” mkubwa alimwambia, ingawa walipishana umri kidogo tu, “si ukiambie kisubiri kidogo kabla ya kukiita hicho kipimajoto? Tia kasubira kadogo, tuendelee.”

“Kimsubiri nani?”

“Yeyote. Kisubiri tu.”

“Kusubiri bila kujua unamsubiri nani,” alijibu Bwana Foleni, “si subira, mkubwa. Ni kusinzia.”

Mkubwa aliondoka akitikisa kichwa sambamba na feni. Lakini jibu lile, ingawa lilikuwa la haki, halikumsaidia mwenye kulitoa. Jioni ile, mkewe alimsemesha mara tatu juu ya bomba linalovuja, naye akaitikia “ndiyo” mara zote tatu, hata pale swali lilipokuwa “kwani bomba gani?”

Akaomba ruhusa aende zahanati, si kwa kuwa alikuwa na hoja, bali kwa kuwa alikuwa amekwisha. Aliirudisha mashine mwenyewe, ameipakata safarini kama mtoto mgonjwa.

Zahanati ilikuwa jengo refu la chumba baada ya chumba, lenye benchi ukutani na harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Shangazi alimpokea uani. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikasimama, ila yeye mwenyewe alikuwa amepungua. Mashavu yameingia ndani, na macho yake, yaliyozoea kumtazama mtu hadi aseme kweli, yalimkwepa.

“Umekonda, baba,” alisema yeye, mwenye kukonda.

Msimamizi alikuwa mwanamume mnene wa sauti ya chini, si mtu mbaya. Alionekana kama aliyebebeshwa mzigo ambao angependa kuutua. Aliwafungulia chumba cha chanjo. Jokofu lilikuwa tupu, chanjo mpya zimehifadhiwa mji mwingine hadi mambo yaeleweke. Bwana Foleni akaifunga mashine mahali pake, akaiwasha, ikaamka nzima, ikatulia kwenye nyuzi tano.

“Hivyo hivyo ilivyonifanyia mimi,” alisema msimamizi. “Jumatatu nimefungua nakuta barafu. Nikaichomoa, nikaichomeka, ikawaka vizuri kabisa. Ndiyo nikawapigia simu mafundi.”

Bwana Foleni alitazama sakafu. “Shangazi,” alisema, “naomba usafishe jokofu.”

“Si safi?”

“Safisha kama ulivyosafisha Ijumaa ile. Usiongeze kitu, usipunguze.”

“Ndiyo kwanza mara ya pili kulisafisha likiwa na hiyo mashine yenu,” alinung’unika, lakini mikono ilikwisha shika kazi. Alizima swichi zote za ukutani, moja baada ya moja, akachomoa plagi. Akaleta maji ya uvuguvugu na kitambaa, akafuta rafu, akakausha mpira wa mlango kwa ncha ya kidole kilichofungwa kitambaa, akafuta nyuma, akafuta soketi zenyewe kwa kitambaa kikavu. Hakuharakisha. Kisha akachomeka plagi ya jokofu pamoja na mashine yake, akasimama kutazama kioo. Kioo kikawaka: nyuzi tano. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachomeka taa ya meza, na mwisho kabisa, kwa mkono wa kudharau, akachomeka kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya rafu, ambacho taa zake zilianza kupepesa bila haraka.

“Hicho mbona umekiacha mwisho?” aliuliza Bwana Foleni.

“Dawa kwanza, porojo baadaye. Kazi yake nini hicho? Manesi wadogo kutazamia harusi za watu.”

Bwana Foleni hakucheka. Alikuwa amefungua jokofu, amekishika kijiti cha kipimajoto kiganjani, na macho yake yako kwenye kioo. Nyuzi tano. Akakishika kwa mikono miwili. Nyuzi tano.

“Bwana msimamizi,” alisema, “nishike mkono.”

“Nikushike mkono?”

“Nishike, uniambie kama nimekufa. Mashine inasema nina nyuzi tano.”

Msimamizi akashika mkono, akashika na kijiti, akatazama kioo, akatazama dari. Bwana Foleni akamwomba shangazi achomoe tena, achomeke kisanduku cha intaneti kwanza na kukiacha kitulie, jokofu lifuate. Namba ikapanda kiganjani. Wakarudia utaratibu wa shangazi: namba ikaganda tena pale ilipoachwa. Cha ajabu ni kwamba furaha yake ilichelewa. Kichwa bado kilikuwa njiani. Akatoa simu akampigia Dada Risasi.

“Dada, ile siku mashine ilipokosa. Ulikuwa umechomoa kitu?”

“Nilichomoa kile kisanduku cha intaneti, nipate soketi ya pasi yangu. Nikakirudisha nilipomaliza. Kwani nimeua mtu?”

“Karibu,” alisema, akakata.

Msimamizi alikuwa amekunja uso. “Unataka kusema intaneti ndiyo inayopima joto?”

“Hapana.”

“Basi vinahusianaje?”

“Havihusiani. Havijuani hata kidogo. Vinakaa chumba kimoja chenye swichi moja ya taa.”

Akaketi kwenye kiti cha chuma akawaeleza habari za kiini na foleni yake, na vituko vya mezani kwake karakana, akirudi nyuma kila alipojikwaa, maana naye alikuwa akijieleza mwenyewe. Ndani ya mashine, kipimajoto na kifaa cha mtandao hupokea umeme kupitia lango moja. Kifaa cha mtandao huitwa mapema, nacho hulifungua lango. Kikikuta kisanduku cha intaneti kimewaka, hukaa macho na lango hubaki wazi. Na kipimajoto kinapoitwa baadaye, hukuta mwanga, kikaitika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa karakana kila siku. Lakini kifaa cha mtandao kikikosa kisanduku cha kuzungumza nacho, hulala, kikaliachia lango. Kiini nacho kina tabia ya mwenye nyumba bahili: taa isiyodaiwa na mtu huizima. Basi kipimajoto kikiitwa kimo gizani, hakina sauti.

“Si ulisema asiye tayari hurudishwa nyuma ya foleni?” aliuliza msimamizi, ambaye kumbe alikuwa akifuatilia.

“Akisema anamsubiri nani. Maelezo yetu hayakuandika kwamba kipimajoto kinalitegemea lango lile. Hakuna aliyeona haja, maana siku zote lilikuwa wazi. Kwa hiyo kiini hakikujua kwamba kinasubiri. Kiliita, hakikujibiwa, kikaandika kuwa kifaa hakipo. Na aliyehesabiwa hayupo haitwi tena. Taa ikija kuwaka baadaye, haimsaidii.”

“Na ulipokisemesha kikapona?”

“Maneno yalikichelewesha kiini. Kabla hakijafika kwenye kuzima taa, kipimajoto kilikuwa kimekwisha itwa, kikaidai taa nacho.” Akapangusa uso. “Na kioo kikikosa namba mpya hubaki na ile ya mwisho, na mota ya baridi ikikosa wa kuiambia basi, huendelea. Mashine haikuzimwa. Iliwaka siku zote zile, imeacha pengo, imepofuka.”

Alifungua kompyuta yake ya mkononi juu ya meza ya sindano, akaongeza mstari mmoja katika maelezo ya mashine: kipimajoto kinalitegemea lango fulani. Huo tu. Akaumimina ndani ya mashine. Shangazi akachomoa vyote, akachomeka kwa utaratibu wake mwenyewe, dawa kwanza. Kisanduku cha intaneti kingali kimezimwa, kipimajoto kikaitika.

“Basi,” alisema msimamizi, na sauti yake ilipata nguvu ya mtu anayeutua mzigo, kisha ikasita nusu ya njia. “Lakini sasa mimi ndiye sielewi. Mama, kama hukuzima, mbona jana ulikuja ofisini ukakiri?”

Bwana Foleni akamgeukia shangazi yake.

“Ulikiri nini?”

“Kwamba nilizima.” Alikuwa akikunja kile kitambaa kikavu, pembe juu ya pembe. “Sikutaka kufika kwenye kikao nikibishana na watoto wadogo.”

“Lakini hukuzima!”

“Nimejiona, baba. Mwanzo nilikataa. Siku ya pili nikasema, mashine ya kisasa, ina faida gani kunisingizia? Mafundi hawanijui, wana chuki gani nami? Nikaanza kujiuliza. Mara nikauona mkono wangu. Nimemaliza kufunga mlango, narudi, nachomoa plagi nifute vumbi, halafu mtu ananiita nje. Nauona kabisa. Hata pete hii naiona.”

“Nani aliyekuita?”

“Hapo ndipo sipaoni.”

Bwana Foleni akafunga kompyuta yake. Aliweza kutoka pale ameshinda, na asiulizwe neno. “Shangazi,” alisema, “fundi aliyesema ilizimwa ni mimi. Nilijibu simu nikiwa natafuta kalamu. Sikuuliza mashine ya nani. Sikujua kuwa ni wewe.”

Shangazi alimtazama sasa kwa yale macho ya zamani, muda uliomtosha kuwa mtoto tena.

“Na kama isingekuwa mimi?”

“Nisingekuja.”

“Afadhali umesema kweli,” alisema shangazi. Hakumfokea; na kutofokewa kule kulimwumiza kuliko kiboko. “Yupo nesi mwingine mahali, asiye na mpwa karakana. Watengenezee wote huo mstari.”

“Nitautuma leo hii.”

Msimamizi alikohoa. “Mimi nitakieleza kikao, mama. Kazi yako ipo palepale, na chumba ni chako. Lile neno la jana tulihesabu halikusemwa.”

“Lilisemwa,” alijibu shangazi. “Mimi mwenyewe nililisema.”

Alichukua kijiti cha kipimajoto ndani ya jokofu, akakifumbata, akatazama namba ikipanda kwenye kioo: kumi, kumi na tano, ishirini. Uso wake haukuwa wa mtu aliyetoka hatiani. Ulikuwa wa mtu anayehesabu vitu vya nyumbani mwake baada ya mgeni kuondoka.

“Ule mkono ninaouona,” alisema, “bado nauona. Nyinyi mmesema haukuwapo, nami nawaamini. Sasa siku nitakayosahau kweli, baba, nitajuaje?”

Bwana Foleni alikuwa amezoea kuulizwa nani anamtegemea nani, na jibu la hilo huandikwa kwa mstari mmoja. Hili halikuwa la mstari mmoja. Akavuta kile kiti cha chuma karibu na jokofu, akamketisha shangazi, akasimama kando yake, wote wawili wakitazama kioo, mpaka msimamizi alipowaambia kwamba kina mama wameanza kufika uani na watoto wao, kuuliza kama chanjo zimerudi.